Mtetemo wa Barabara, Mtetemo wa Gari

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na ikakomea hapo, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Aliyekuwa na safari ya Kasulu, Kibondo au vijiji vya mpakani kama Kumsenga alibaki na milima ya Buha mbele yake na udongo mwekundu chini yake. Hata karne ya 21 ilipoingia, barabara kuu ya kutoka Kigoma kupitia Kasulu na Kibondo hadi Nyakanazi ilikuwa bado ya changarawe. Masika ilikuwa tope na makorongo. Kiangazi ilikuwa vumbi na rasta, yale mawimbi madogo magumu yanayokatisha barabara na kulitikisa gari hadi skrubu za dashibodi zinalegea. Fundi wa nyanda hizi ilimbidi kwanza ajue mtetemo upi ni wa barabara na upi ni wa gari.

Rasta zenyewe ziliwasumbua wanafizikia kwa miaka mingi. Mwaka 2007, Taberlet, Morris na McElwaine walichapisha majaribio ya gurudumu lililobiringishwa juu ya mchanga, wakaonyesha kwamba hata gurudumu lisilo na springi huzua mawimbi, mradi mwendo uvuke kiwango fulani. Greda likishapita, magari yaleyale yanaanza kuzirudisha.

Land Rover ilizinduliwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, na katika Tanganyika ya Waingereza ikawa gari la maofisa, mapadri na madaktari. Ilikalia springi za mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine na kufungwa kwa yu-bolti. Maradhi yake mengi yalionekana kwa macho. Gari likilala upande mmoja, bamba limekatika. Likitembea kimshazari, magurudumu ya nyuma hayafuati nyayo za mbele, basi huenda senta bolti imekatika na ekseli imesogea kutoka mahali pake. Fundi alihitaji kusimama nyuma ya gari na kulitazama likiondoka, basi.

Kisha ikaja miaka ya uhaba. Tangu 1974 uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa Shirika la Magari la Taifa, na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi iliishiwa fedha za kigeni. Vipuri viliadimika nchi nzima, sembuse mwisho wa reli. Bushi zikachongwa kwa mpira wa matairi chakavu, na bamba la springi lililokatika likapata kazi nyingine kwa mhunzi. Uhaba huo uliwanoa mafundi kwa namna ambayo maduka yaliyojaa hayajaweza. Fundi asiyeweza kununua kipuri kingine hana ruhusa ya kubahatisha.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka mpaka. Mwaka 1996 wakaja Wakongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu. Nyuma ya wakimbizi yalifuata mashirika na misururu ya Land Cruiser nyeupe. Magari hayo yana ekseli nzima mbele, na ekseli ya namna hiyo ina ugonjwa wake: beringi za kingpini zikichakaa, gurudumu likigonga shimo moja tu usukani unaanza kucheza kushoto na kulia kwa nguvu ya kumtisha dereva, na hautulii mpaka mwendo upunguzwe.

Hapo ndipo fundi mzuri hutofautiana na mbabaishaji. Mbabaishaji hufunga shokapu mpya ya usukani, gari linatulia kwa muda, na kingpini inaendelea kulika. Fundi mzuri hupiga jeki, hushika tairi juu na chini na kulitikisa. Likicheza, humwambia utingo akanyage breki. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, tatizo ni kingpini, au boli jointi kwa magari madogo. Kisha hushika kushoto na kulia, na mchezo wa huko humpeleka kwenye tairodi. Ukaguzi huo hauna gharama yoyote zaidi ya jeki na utingo.

Propela nayo ina siri yake. Krosi zake mbili hazizungushi mhimili kwa mwendo ulio sawa: kila mzunguko propela huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili, na krosi ya pili husahihisha kosa la ya kwanza ikiwa tu zimepangwa sawa. Propela ikifunguliwa na kurudishwa ikiwa imepishana jino, gari lililokuja kwa kelele ndogo linaondoka likinguruma. Ndiyo maana fundi makini huchora mstari wa chaki kabla ya kugusa spana.

Sasa lami imefika. Mradi wa Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, wa kilomita 260 hivi, umejengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na umeleta wagonjwa wa aina mpya gereji. Nguvu ya gurudumu lisilo na balansi hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, inakuwa mara nne. Gari lililozeeka kwenye changarawe bila kulalamika linafika lami na kuanza kutetemeka, na mwenyewe anaapa kwamba jana lilikuwa zima. Halikuwa zima. Barabara ndiyo iliyokuwa ikificha.

Kwenye lami dereva anaweza kupima mwenyewe. Usukani ukitetemeka, aanzie magurudumu ya mbele. Kikitetemeka kiti, atazame nyuma na propela. Mahali palipo tambarare na pasipo na magari, aweke gia huru bila kuzima injini. Mtetemo ukikata, ashuku injini na maunti zake. Ukiendelea, uko kwenye magurudumu, propela au beringi. Na kwa Kibondo na Kasulu kuna hatua inayotangulia hata hiyo: udongo mwekundu hukauka ndani ya rimu upande mmoja, na bonge la gramu mia moja linatosha kulitikisa gari zima, kwa hiyo rimu huoshwa kwanza, upande wa ndani, kabla mtu hajatoa hela ya shokapu.