SKRUBU 47

Hebu fikiri, ndugu msomaji: ndege ya injini mbili na viti 30 inaangushwa na skrubu. Tena si skrubu mbovu. Ni skrubu ambazo hazikuwapo mahali pake.

Asubuhi ya tarehe 11 Septemba, 1991, ndege aina ya Embraer 120 ya kampuni ya Continental Express iliruka kutoka Laredo, mji wa mpakani mwa Marekani na Meksiko, ikielekea Houston, Texas. Ndani walikuwamo watu 14: abiria 11 na wafanyakazi 3. Asubuhi hiyo hiyo ilikuwa imetoka Houston salama salimini. Sasa inarudi, imeanza kushuka, mara ukingo wa mbele wa bawa dogo la mkiani, upande wa kushoto, ukachomoka. Ndege ikapiga mbizi, ikavunjika ingali hewani, ikaanguka karibu na mji mdogo wa Eagle Lake. Hakupona hata mmoja.

Mambo yalianza usiku uliotangulia, karakanani Houston. Kwenye kingo za mabawa ya mkiani kulikuwa na mipira ya kuondolea barafu, nayo ilikuwa imechakaa. Ikapangwa ibadilishwe, kulia na kushoto. Mkaguzi mmoja akapanda juu kuwasaidia mafundi. Akafungua skrubu za juu upande wa kulia, kisha akavuka kushoto, akafungua na za huko, zote 47. Alikuwa anasaidia wenzake tu, bwana. Zamu ikaisha.

Wakaingia wa zamu ya usiku. Wakamalizia upande wa kulia, wakaona muda hautoshi, wa kushoto ukaahirishwa. Hawakujua kwamba huko juu umeshafunguliwa. Skrubu za chini zilikuwapo, kwa hiyo ukingo ulikaa sawasawa kama kawaida. Mkaguzi wa zamu hiyo alikuwa ameisoma karatasi ya makabidhiano mapema mno, kabla mwenzake hajaandika kitu juu ya ndege hiyo. Kadi za kazi nazo zilikuwa kimya. Mengine yalisemwa kwa mdomo, akaambiwa fundi ambaye baadaye alipangiwa kazi nyingine. Kulipokucha, ndege ikapakia abiria.

Na marubani je, wangefanyaje? Mkia wa ndege ile umejengwa kama herufi T, mabawa yake yako juu kabisa. Aliyesimama chini haoni mgongo wake.

Mwaka 1992 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa ripoti yake. Ikasema mafundi na wakaguzi hawakufuata taratibu za matengenezo. Ikaongeza kuwa uongozi wa kampuni haukusimamia taratibu hizo, na mamlaka ya anga ya serikali haikuugundua udhaifu huo. Mjumbe mmoja, John Lauber, hakuridhika. Yeye aliona uongozi usiwekwe pembeni, uwekwe mbele, kwa kuwa ulishindwa kujenga desturi ya kazi inayotanguliza usalama.

Mimi niko na Lauber. Ni rahisi kumnyooshea kidole mwenye bisibisi, maana mkono wake tunauona. Lakini mtu mmoja akisahau, huyo amesahau. Wakiruka utaratibu watu kadhaa, wa zamu mbili, usiku mmoja, hapo ujue ndivyo nyumba inavyoendeshwa. Na mwenye nyumba yupo, ana ofisi, ana mshahara, na wajibu wa kuuliza ni wake.

Halafu kuna letu sisi tunaotaka kuitwa waandishi. Tumezoea kudhani kwamba maandishi yenye uzito ni riwaya na mashairi, na fomu za kazini ni mambo ya makarani. Usiku ule, maandishi yenye uzito kuliko yote pale Houston yangekuwa mstari mmoja tu: skrubu za juu kushoto zimefunguliwa. Ungeandikwa kwa wakati, hata kwa mwandiko mbaya, hata kwa kalamu ya risasi, watu 14 wangefika.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Leo kisa hiki hufundishwa kwa mafundi wa ndege, waelewe kuwa kazi iliyofanywa bila kuandikwa yaweza kuua kama kazi isiyofanywa.