Shinikizo: Kutoka Kinuni Hadi Cheti cha Moyo

Huku Tanga wengi wetu husema "presha". Majibu ya hospitali yakiandikwa kwa Kiswahili sanifu husema "shinikizo la damu", na msomaji huliona neno hilo kuwa geni. Kumbe mgeni ni presha, aliyetoka Kiingereza. Shinikizo ni mwenyeji wa pwani.

Asili yake, shinikizo ni kinu cha kukamulia. Unguja ngamia alizungushwa kukamua mafuta ya ufuta. Pangani nayo, katika karne ya 19, ilijulikana kwa mashamba ya miwa, na miwa hiyo ilikamuliwa ili kupata sukari. Waliolihamisha neno kutoka kinuni hadi mwilini hawakukosea, kwani moyo nao hujikamua ili damu itoke.

Mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alibuni kipimo cha mkanda unaofungwa mkononi. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha namna ya kusikiliza mshipa chini ya mkanda huo, ndipo zikapatikana namba mbili. Katika 120/80, ile 120 ni shinikizo moyo unapojikamua, na 80 ni linalobaki moyo unapolegea kujaa tena. Namba ya chini, basi, si dalili kwamba presha imeshuka.

Karatasi ya umeme wa moyo ina milima na mabonde yenye herufi P, Q, R, S na T. Aliyeyapa mawimbi hayo majina ni Mholanzi Willem Einthoven, mzaliwa wa kisiwa cha Java, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Herufi hizo hazifupishi jina la ugonjwa wowote. Zinafuatana tu kama mawimbi yanavyofuatana. Q haimo hata katika alfabeti yetu, lakini kila moyo mzima una mawimbi yake.

Neno linalotisha zaidi ni letu wenyewe: "moyo kushindwa". Katika mazungumzo ya kila siku, aliyeshindwa amekwisha. Mgonjwa hulisikia kama hukumu, na anaweza kuacha dawa kwa kutoona faida yake. Maana ya kitabibu ni kwamba moyo hausukumi damu ya kuutosheleza mwili. Bado unadunda, na dawa husaidia. Naona "moyo kuelemewa" lingefaa zaidi. Aliyeelemewa hupunguziwa mzigo, akaendelea na safari.