Albamu ya Pili ya Nirvana

Albamu ya kwanza ya Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, iligharimu dola 606 na senti 17 tu kurekodiwa. Ilitoka mwaka 1989 na sauti yake ilikwaruza. Wapenzi wake wachache waliipendea hivyo hivyo.

Mwezi wa Mei 1991 bendi iliingia studio ya Sound City, California, kurekodi ya pili, Nevermind, pamoja na mtayarishaji Butch Vig. Mwimbaji Kurt Cobain alikataa kuimba wimbo mara mbili ili sauti zilazwe pamoja. Aliona ni udanganyifu. Vig akamwambia kwamba John Lennon alifanya vivyo hivyo. Cobain, aliyewapenda mno Beatles, akakubali. Hila njema, lakini hila.

Septemba 24, nakala 46,000 hivi zilipelekwa katika maduka ya Marekani. Januari 1992 albamu hiyo iliishinda Dangerous ya Michael Jackson katika orodha ya Billboard. Cobain hakuridhika, alilalamika kuwa imelainishwa kupita kiasi. Kwa maoni yangu alizidisha, maana uchungu wake wasikika wazi chini ya ulaini ule. Hata hivyo albamu iliyofuata, ya mwaka 1993, alimkabidhi Steve Albini, fundi asiyependa kulainisha kitu.