Mathias Kiwanuka
Mathias Kiwanuka (alizaliwa Indianapolis, Marekani, 8 Machi 1983) ni mchezaji mstaafu wa futiboli ya Kimarekani aliyekuwa katika safu ya ulinzi ya New York Giants kuanzia 2006 hadi 2014. Ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyeuawa mwaka 1972 akiwa Jaji Mkuu, enzi za Idi Amin.

Baada ya masomo Boston College, Giants walimchukua kama chaguo la 32 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2006. Kazi yake ilikuwa kumvamia mrushaji wa timu pinzani na kumwangusha kabla hajaachia mpira. Mwaka 2007 kocha wa ulinzi, Steve Spagnuolo, alimhamishia nyuma ya mstari wa mbele, nafasi inayodai kusoma mchezo na kuziba mianya. Novemba mwaka huo alivunjika mguu, akaikosa Super Bowl, fainali ya ligi, ambayo Giants walishinda.

Mwaka 2010 jeraha la shingo lilimweka tena nje. Alirejea, na tarehe 5 Februari 2012 akacheza fainali ya Super Bowl iliyofanyika Indianapolis, mji aliozaliwa. Giants waliwashinda New England Patriots 21–17.