Mji wa kwenda kwa miguu: tuiulize Kariakoo

Wiki hii nazungumzia jambo linalomgusa kila anayeamka saa kumi usiku kuwahi basi. Je, mtu wa kipato kidogo anaweza kuishi katika mji ambao kazini, sokoni na shuleni watu wanakwenda kwa miguu? Wapo wanaosema hayo ni mambo ya Ulaya, au ya wenye nazo. Mimi nasema tuiulize historia, tena ya hapa hapa Dar es Salaam.

Sensa ya mwaka 1948 iliukuta mji huu na watu wapatao 69,000 tu. Kuli wa bandarini alipanga chumba Kariakoo, akavuka Mnazi Mmoja kwa miguu, akafika kazini. Jioni alirudi njia ile ile, akapitia sokoni. Nauli haikuwamo katika hesabu zake.

Hiyo haikuwa hisani ya serikali. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi ili kuwatenga watu. Kilichomwokoa mlalahoi ni nyumba ya Kiswahili. Korido katikati, vyumba huku na huku, uwani jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, vingine akapangisha. Kuta zilikuwa za fito na udongo, paa la makuti au madebe yaliyonyooshwa. Fedha zikipatikana, linapanda bati. Barazani palikaa fundi cherehani au muuza vitumbua. Nyumba moja ilikuwa makazi, duka na kiinua mgongo cha uzeeni.

Sisemi palikuwa peponi. Vyumba vilijaa, vyoo havikutosha, na mishahara ilikuwa duni kiasi kwamba mwaka 1947 makuli waligoma na mgomo ukasambaa bara kufuata reli. Ukaribu peke yake haushibishi. Lakini ufukara ule ungekuwa mzito zaidi kama kila kukicha ungedaiwa na nauli.

Baada ya uhuru mji ulitanuka. Katika miaka ya 1970 vilipimwa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Nia ilikuwa kuwasaidia wenye kipato kidogo, lakini vingi viliangukia mikononi mwa wenye uwezo. UDA iliundwa mwaka 1974, abiria wakaizidi. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, ndipo tukapata daladala. Tangu miaka ya 1990 nyumba za Kariakoo zimekuwa zikibomolewa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa ya biashara. Mwenye kiwanja alipata chake. Mpangaji alifungasha virago kwenda Mbagala, Gongo la Mboto au Chanika. Mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016, na sensa ya 2022 ikahesabu watu zaidi ya milioni 5.3.

Basi jibu ni hili. Mji wa kwenda kwa miguu unawezekana, na maskini waliwahi kuumudu. Waliumudu kwa sababu chumba cha bei nafuu kilikuwa karibu na kazi, na biashara ndogo iliruhusiwa mlangoni. Ukiondoa chumba kile, barabara nzuri na miti ya kivuli vitabaki starehe ya matajiri.

Dar es Salaam imekwisha kuwa kubwa. Lakini iko miji kama Babati na Njombe, ambako mtu bado anatoka kwake hadi sokoni bila kupanda gari. Madiwani wa huko wanapopima viwanja, watenge vidogo karibu na soko na stendi, wasizipige marufuku nyumba za vyumba vya kupanga, wala wasimfukuze mama lishe barazani. Wakichelewa, bei ya ardhi itawaamulia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe, ndugu zangu, utalipiwa kwa nauli za wajukuu wetu.