Mwongo wa Ngapi Leo? Kalenda ya Bustani Katika Pwani ya Waswahili

Julai 1505 merikebu za Francisco de Almeida zilitia nanga Kilwa. Wareno walikuja kuuteka mji, na waliuteka. Lakini katika habari zilizoandikwa za safari ile, pamoja na misikiti na nyumba za mawe, zimetajwa pia bustani. Kulikuwa na machungwa matamu, malimau, figili, vitunguu vidogo na mrehani, na bustani hizo zilinyweshwa maji ya visima.

Msomaji anayejua kulima atasita kwenye mwezi ule. Kufika Julai, masika Kilwa yamekwisha tangu Mei, kusi inavuma na udongo umekauka. Kitunguu na figili ni mazao ya ubaridi: ukivisia katika mvua kubwa vinaoza, ukivisia katika joto la Januari vinadumaa. Aliyezipanda bustani zile alizijua siku zake. Alisubiri mvua ipungue, akatifua udongo ungali na unyevu, akasia, kisha akawa anateka maji ndoo kwa ndoo mpaka mavuno. Habari hizohizo zinasema kwamba watu wengi waliolima mashamba ya Kilwa walikuwa watumwa. Majina yao hayakuandikwa, ila ujuzi wa majira uliokuwa mikononi mwao unaonekana wazi katika orodha ile fupi ya mboga.

Pwani haina theluji wala baridi ya kuua mche. Mbegu ya mchicha itaota Februari, itaota Agosti. Kwa hiyo swali la mwenye bustani hapa, tangu zamani, ni maji na magonjwa: lini mvua itanilimia bure, na lini itaniozeshea mboga? Masika huanza katikati ya Machi na kufikia kilele Aprili na Mei. Hufuata kipupwe cha Juni hadi Agosti, pamoja na manyunyu ya mchoo, kisha vuli ya Oktoba hadi Desemba, halafu kiangazi cha kaskazi. Hata hivyo pwani ni ndefu. Lamu hupata mvua yake nyingi katika masika na vuli yake ni hafifu, wakati Pemba hupata misimu yote miwili kwa wingi. Mtu wa Lamu akifuata siku za Mpemba, miche yake ya vuli itakufa kwa kiu.

Ili kuzishika siku hizo watu walihitaji kalenda, na ile iliyokuwa msikitini haikuwafaa kwa kilimo. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi. Una siku 354 au 355, na kila mwaka hutangulia majira kwa siku kama 11. Ramadhani inayoangukia masika leo itaangukia kiangazi baada ya miaka michache, na huchukua takriban miaka 33 kuyazunguka majira yote. Kwa hiyo nyumba moja ya Mswahili iliishi kwa hesabu mbili: moja ya ibada, nyingine ya jembe na tanga.

Hesabu hiyo ya pili ni ya Nairuzi, yenye asili ya Uajemi. Mwaka wake una siku 365 zinazohesabiwa kuanzia Siku ya Mwaka, kumi kwa kumi. Kila kumi ni mwongo, na miongo 36 hufanya siku 360. Zinabaki tano za kuukamilisha mwaka. Edward Steere, askofu wa baadaye aliyeishi Unguja na kuchapisha kitabu chake cha lugha ya Kiswahili mwaka 1870, aliikuta hesabu hiyo ikitumika kwa kilimo na kwa safari za baharini. Ameeleza pia desturi za siku yenyewe: watu, hasa wanawake, walikoga baharini usiku au alfajiri, moto wa zamani ukazimwa na mpya ukapekechwa kwa vijiti, na ukapikwa mseto mkubwa wa nafaka na kunde ukaliwa na kila aliyefika. Mwaka wa mkulima ulifunguliwa kwa chungu cha mazao yake.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa, sherehe ya Siku ya Mwaka, bado huadhimishwa kila Julai. Wanaume hupigana kwa magomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, na mgeni haachwi bila kula. Watalii hufika na kamera zao kuuona moto ule. Ni wachache wanaoambiwa kwamba asubuhi ile ni siku ya kwanza ya mwongo wa kwanza, na kwamba kuanzia hapo mzee anaweza kuhesabu hadi siku ya kutayarisha shamba.

Tena, kwa kuwa siku 365 ni wiki 52 na siku moja, mwaka ulioanza Ijumaa hufuatwa na mwaka wa Jumamosi bila kukosea, na mwaka ukaitwa kwa siku yake. Asiyejua kuandika aliweza kuushika mwaka mzima kichwani. Huu ulikuwa uhodari mkubwa na unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa.

Lakini hesabu hiyo ina upungufu. Jua huumaliza mzunguko wake kwa siku 365 na karibu robo, na Nairuzi haina mwaka mrefu wa kuzikusanya robo hizo. Kila miaka minne Siku ya Mwaka hurudi nyuma siku moja. Enzi za Steere iliangukia siku za mwisho za Agosti, nayo sasa iko Julai. Tuchukue tarehe 15 Machi, wakati mtu wa Unguja anapoanza kuyatazamia masika. Mwaka uliofunguliwa tarehe 25 Agosti huifikia siku hiyo ikiwa ya 203, yaani mwongo wa 21. Mwaka uliofunguliwa tarehe 20 Julai huifikia ikiwa ya 239, mwongo wa 24. Mvua ni ileile, ila imehama miongo mitatu.

Maana yake kwa mwenye bustani ni nzito. Msichana aliyefundishwa na bibi yake kusia kunde katika mwongo fulani, akiishi miaka 60 zaidi, atakuwa amekosea kwa siku 15. Kwa muhogo, unaokaa ardhini miezi, siku 15 si kitu. Kwa mchicha unaochumwa katika wiki ya tatu au ya nne, ni nusu ya maisha yake. Kwa hiyo kanuni ya mwongo haikuweza kurithishwa kama ilivyo. Kila kizazi kililazimika kuipima upya kwa macho yake. Hapo ndipo ulipo ubora wa elimu hii ya kale. Hesabu ilimwambia mtu ajitayarishe, anoe jembe, asafishe kitalu. Siku ya kutia mbegu ilisubiri dalili.

Mabaharia nao waliitumia hesabu hiyohiyo. Ahmad ibn Majid, nahodha mkuu wa karne ya 15, alipanga siku za kusafiri kwa kuhesabu siku za Nairuzi, na katika zama zake mwaka huo ulifunguliwa Novemba. Oman na nchi jirani za Ghuba nako wavuvi na wakulima wa mitende wana hesabu yao ya makumi, iitwayo durur. Hiyo wameifunga kwenye nyota: huanza Agosti, wakati Suheli inapochomoza alfajiri. Suheli haihami mahali pake kwa haraka ya kumpoteza mkulima, basi hesabu yao imebaki imeshikamana na majira.

Pwani ya Afrika Mashariki nyota ya mkulima ilikuwa Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota. Jioni za Novemba huchomoza mashariki jua linapotua, na vuli inakuwa imeshika. Mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei huzama magharibi mapema jioni, kikafichwa na mwanga wa jua kwa siku kama 40, kisha kikazuka alfajiri mwezi wa Juni. Wahenga walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kauli hiyo inamhusu sana mwenye kitalu. Aprili ikiwa kavu, masika huenda yamechelewa na yataingia hadi Juni, basi vitunguu visiharakishwe. Aprili ikiwa imelowa, kuna tumaini la kipupwe kikavu.

Ndani ya ua mambo hayo huonekana kwa ukaribu. Mbegu ya mchicha ni ndogo kama chenga, basi huchanganywa na mchanga mkavu ili isimwagike mahali pamoja, ikasiwa juu ya tuta lenye samadi na kufunikwa udongo kidogo tu. Ikisiwa siku ya mvua kubwa huchukuliwa yote hadi mtaroni. Kunde na maboga hutiwa ardhini kwa mvua za kwanza, majani yake yaliwe wakati mahindi yangali machanga. Matembele hukatwa vipande na kuchomekwa udongo ukiwa mbichi. Bamia huvumilia joto, nayo hufaa vuli.

Tungule, ambazo bara huitwa nyanya, ndizo za kutaabisha. Zilitoka Amerika, zikaingia Bahari ya Hindi baada ya Wareno, kwa hiyo aliyepanda figili za Kilwa kabla yao hakuzijua. Ukiziatika Aprili, ukungu hushika majani na mnyauko hupanda kutoka kwenye mizizi. Mwenye uzoefu husia kitalu chake masika yakielekea ukingoni, akakifunika kwa makuti dhidi ya matone mazito, na kuatika miche Juni. Katika masoko ya Unguja na Dar es Salaam bei ya nyanya mara nyingi hupanda wakati wa mvua kubwa, na sababu iko hapo.

Kalenda ya Januari hadi Desemba ilisambaa pwani pamoja na wamisionari, shule na serikali za kikoloni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 na kufungua mashamba makubwa. Kalenda yao ilikuwa na siku ya ziada ya Februari kila miaka minne, kwa hiyo neno “Machi” lilibaki na maana ileile ya mvua kwa babu na mjukuu. Bibi shamba akisema nyanya ziatikwe Juni, hahitaji kurekebisha hesabu. Hiyo ni faida ya kweli. Hasara yake ni kwamba tarehe iliyochapishwa humpa mtu imani kubwa mno, akasahau kutazama juu.

Na mvua haisomi tarehe. Vuli ya 1997, mwaka wa El Niño, haikukoma Desemba. Ilimwagika hadi mapema 1998, ikafagia barabara, madaraja na mashamba. Vuli ya 2019 nayo ilizidi kiwango, maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakiwa yamepata joto kuliko kawaida. Kuna miaka mingine ambayo vuli hupita na manyunyu tu. Siku hizi kabla ya kila msimu Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa masika na vuli: wiki gani mvua inatarajiwa kuanza, ukanda gani utapata chini ya wastani na upi juu yake. Tangazo hilo linafanya kazi ambayo Kilimia na upepo vilifanya, yaani kuipima hesabu ya mwaka dhidi ya mwaka wenyewe.

Mijini, mwenye magunia ya udongo na bomba la maji husia mchicha mwezi wowote autakao, na wengi hufanya hivyo. Ila hata yeye, akisikia redioni kwamba masika yatakuwa juu ya wastani, hutoboa matundu zaidi chini ya magunia, husogeza miche ya pilipili chini ya baraza, na kuiacha mbegu ya tungule kwenye karatasi yake mpaka Mei.