Avoka wa kesi za parseli na deni: kazi yake ilizaliwa wapi?

Mtu akisikia "avoka" anafikiri mara moja wezi, polisi na gereza. Lakini kuko avoka ambaye maisha yake yote ni parseli, deni, mkataba na urithi. Huyo njo avoka wa kesi za sivile. Historia ya kazi yake inatuhusu sisi wote.

Sheria anayobeba mkononi ni ya zamani kuliko wazee wetu. Dekreti ya 30 Julai 1888 ilitoka wakati Léopold II alikuwa anatawala Kongo. Kifungu chake cha 258 kingali kinatumika: ukimharibia mwenzako kwa kosa lako, utalipa. Wazo hilo lilitoka katika kitabu cha sheria cha Ufaransa cha 1804.

Basi Mkongomani wa wakati ule alikuwa anasambishia wapi? Kwa shefu. Dekreti ya 15 Aprili 1926 ilipanga tribinali za kienyeji, na kule mashamba na mahari vilikatwa kwa desturi, bila avoka. Lovanium ilifunguliwa tu 1954, inivasite ya Elisabethville 1956. Ndiyo sababu uhuru wa 1960 ulitukuta karibu bila mtu wetu aliyemaliza droit. Marcel Lihau, aliyesomea Louvain, alikuwa kati ya wale wa kwanza kabisa. 1968 akawa prezida wa kwanza wa Mahakama Kuu.

Nyuma yake sheria za nchi zikafuata. Ile ya 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni wa Serikali. Ile ya 28 Septemba 1979 ilipanga baro: lisansi, kiapo, staji kwa avoka mkubwa. Kodi ya jamaa ikaja 1987.

Lakini desturi haikufa. Mpaka leo familia inanunua shamba kwa shefu, mashahidi wapo, mbuzi amechinjwa. Siku ya kesi juji anauliza sertifika, na hawana. Hapo njo uzoefu wa avoka unaonekana: anajua lugha ya shefu na ya juji, na anashauri familia ifuate sertifika mapema, mbele ya kesi.

Ninyi mnaosoma droit, msiishie kwa vifungu. Mkirudi kwenu likizo, kaeni kwa baraza ya shefu, msikilize namna wazee wanakata neno.